Udongo Ulioonja Chumvi

Akipewa kitu asichokijua, kwanza alikilamba. Msumari, kipande cha kamba, jiwe, hata betri ya tochi, vyote vilipita ulimini mwake kabla hajaanza kuvigeuza mkononi. Siku moja nikamwambia, "Mzee, utakufa kwa sumu wewe!" Akatema mate pembeni, akanijibu, "Macho inadanganywa, Mama Kahindi. Ulimi haina rafiki."

Pale kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni tulimwita Mpishi. Jina lake la haki nalijua, lakini silitaji, kwa sababu mara ya mwisho niliposikia likitajwa mbele za watu lilitajwa pamoja na neno mwongo, nami nilikuwapo, nimeshika leso mkononi na mdomo nimeufunga. Haya ninayoyasema nayasema kwa ajili hiyo. Kama nitayasema vizuri, sijui, maana mpaka leo yananichanganya.

Alikuwa mtu wa bara. Bara ipi, sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwao, kila kitu "hii" na "iko", nasi tulimcheka mpaka machozi, naye alitucheka akisema watu wa pwani hatuongei, tunaimba. Mfupi, mkavu, shati lake halikukosa tundu la cheche. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa kuangalia pampu ya kuvuta maji ya bahari na kuyaingiza mabwawani. Kazi aliyojiandikia mwenyewe ilikuwa kupika plastiki.

Msicheke. Ndani ya pampu ile mlikuwa na chuma kirefu kinachozunguka, na chuma hicho kimevishwa pete nene ya plastiki, wenyewe wakiiita bushi, ili chuma kisisagane na chuma. Bushi zilitoka ng'ambo. Jua la kaskazi likishika, na pampu ikizunguka kutwa, zile bushi zilipata moto zikalegea, zikapoteza umbo, chuma kikaanza kucheza, na pampu ikasimama. Maji yasipoingia mabwawani hakuna chumvi ya kukwangua, na sisi wakwanguaji tunaambiwa nendeni makwenu mtaitwa. Mtaitwa lini? Hakuna aliyejua, na watoto nyumbani hawali ahadi.

Basi Mpishi aliapa kwamba atatengeneza bushi isiyoshindwa na moto. Plastiki aliipata kwenye kamba kuukuu za nailoni, zile nyeupe za kufungia meli. Alizikatakata, akaziyeyusha kwenye sufuria yenye kifuniko kizito juu ya jiko la makaa, akazishindilia kwenye kalibu ya chuma. Lakini nailoni peke yake, alisema, ni nyumba ya fito bila udongo, ikipata taabu kidogo inainama. Ndipo akaja kwetu wakwanguaji, jua limesimama utosini, akauliza kwa sauti, "Nani hapa anajua udongo?" Wanawake wote wakanyoosha vidole kwangu.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, huko kwetu ndani, nyuma ya Malindi. Nimekulia kwenye udongo. Mpishi akanitoa juani akanileta karakana, chini ya bati, kwenye kivuli. Asiyewahi kukwangua chumvi hajui kivuli ni nini. Visigino vyangu vilikuwa na nyufa za kuingia kidole, na kila asubuhi nikitia mguu kwenye maji yale makali nilikuwa nauma leso nisipige ukelele. Mpishi aliitazama miguu yangu siku ile ya kwanza, akanisogezea kigoda.

Kazi yangu ilikuwa kuosha udongo. Unauloweka, unaukoroga, mchanga unatua, yale maji mazito ya juu unayachuja kwa leso, unayaacha yatue tena, kisha unaanika, unasaga, unakaanga kwenye kikaango mpaka hamna hata pumzi ya maji. Alitaka udongo laini kuliko wanja. Alinishika kidole akakisugua na udongo mbichi, akaniuliza, "Unasikia inateleza? Hii si unga. Hii ni kurasa, kama kitabu. Kitabu ikifungwa ni tofali tu. Mimi nataka kurasa itawanyike ndani ya plastiki, moto ikiingia ipotee njia." Nikamwuliza amejuaje. Akasema hajui, anadhani tu. Hilo nililipenda kwake, kwamba alikuwa mtu mzima anayeweza kusema hajui.

Na alikuwa na mambo yasiyoelewana, Mpishi. Mama yangu alinifundisha kwamba udongo na chumvi havikutani. Mama mwenyewe akila papa wa chumvi hagusi udongo mpaka anawe mpaka viwikoni, maana chungu kilichoonja chumvi hutoka jasho jeupe na kubanduka. Nilipomsimulia Mpishi akacheka, akasema hayo ni mambo ya giza. Lakini mtu akipiga mluzi karakana wakati plastiki iko motoni, Mpishi aliipua sufuria na kumfukuza mtu huyo, na siku hiyo hakipikwi kitu! Alichukia uongo kama ugonjwa. Lakini mafuta ya kujaribia alimwibia mkewe, mwuza bajia, na akimaliza aliyarudisha kwenye chupa kimya kimya, na watu wa Marereni wakala bajia zenye harufu ya kamba ya meli. Mkewe alipokuja juu, Mpishi alisimama kama mtoto wa shule na kukubali yote. Kesho yake akayaiba tena.

Mafuta hayo ndiyo yaliyompa jina. Alikuwa na karai, nalo la mkewe, na ndani ya karai mawe mawili. Alikata ufito wa plastiki aliyoipika, akaulaza juu ya mawe kama daraja, akaweka nati nzito katikati, akamimina mafuta, akawasha moto. Kisha aliimba. Saa hakuwa nayo, alikuwa na wimbo mmoja wa kanisani wenye beti tano, na aliuimba pole pole, macho kwenye karai. Nailoni tupu iliinama kwenye ubeti wa pili. Ukiweka udongo mwingi, ufito haukuinama, ulikatika. Ukiweka mabonge, ulikatika penye bonge. Ukiwa na unyevu, plastiki ilitoa mapovu ikawa kama mkate wa mofa. Kila tulipomwuliza hii itafaa, alijibu neno moja, "Mafuta itasema."

Alikuwa na tabia nyingine iliyotutisha. Alikuuliza jambo mara moja tu. Ukijibu ovyo hakukuuliza tena, alikuangalia na kungoja. Angeweza kungoja mpaka chai ipoe, mpaka kivuli kihame. Nimeona wanaume wazima wakikiri kwamba ndio waliovunja patasi yake, na hakuna aliyewaambia neno. Kila jibu aliliandika kwenye daftari la shule lenye jalada la buluu, vijiko vingapi vya udongo, kamba ya namna gani, ubeti wa ngapi.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Siku moja Mpishi alikwenda Malindi kutafuta kamba. Aliniachia udongo uliolowekwa, akaniambia akirudi kesho aukute tayari. Maji matamu tuliletewa na boza, lori la tangi. Siku ile boza halikuja. Pipa lilikuwa kavu, na mtungi mmoja uliobaki ulikuwa wa wanawake wote kunywa. Nikangoja mpaka adhuhuri. Nikaona nitaambiwa sifai, nitarudishwa kwenye chumvi. Nikachukua ndoo, nikateka maji kwenye bwawa la mwisho, lile lenye maji makali yanayokaribia kugeuka chumvi, nikaoshea udongo.

Lo! Udongo uliganda mabonge mabonge, ukazama chini kama uji uliokatika. Nikamwona mama yangu mbele yangu, mikono kiunoni. Nikasema leo nimekwisha. Nikiwa nimeukodolea macho, mvua ikaja. Haikuwa msimu wake, ilikuja tu, ya kupita, nzito. Nikatega mabeseni yote chini ya bati, nikaanza kusuuza. Nilimwaga, nikatia ya mvua, nikakoroga, nikangoja, nikamwaga tena. Nilikuwa naondoa ushahidi, hicho tu. Nilijua atalamba.

Ndipo nikaona jambo ambalo sijaliona kwa mama wala kwa bibi. Udongo ulikataa kutua. Baada ya kusuuza na kusuuza, ulivimba, ukaelea ndani ya maji kama tui, na hata ulipoachwa haukushuka. Nikauchuja, nikauanika juu ya bati jua liliporudi, nikaukaanga. Ulitoka mikunjo mikunjo kama ganda la kitunguu.

Mpishi alirudi, akatia kidole, akalamba. Akalamba tena. "Umeosha na maji gani?"

"Maji matamu, Mzee. Ya boza."

Akanitazama. Akangoja. Mimi nikainama nikaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa. Basi akachukua daftari, akaandika.

Udongo ule ulitosha bushi tatu na ufito mmoja. Ufito ukaingia kwenye karai. Ubeti wa pili ukapita. Wa tatu, wa nne. Akamaliza wa tano, ufito umenyooka vile vile, akaanza wimbo upya, nasi tukaingia kuitikia, Wakristo na Waislamu na sisi tusio huku wala huku. Bushi tatu zile zilikaa kwenye pampu kaskazi nzima. Hatukurudishwa nyumbani hata siku moja.

Meneja akafurahi kupita kiasi. Akaita wakubwa wake waje waone bushi zinapikwa, akamwahidi Mpishi karakana yote iwe chini yake. Mpishi akafungua daftari, akafuata alivyoandika, kijiko kwa kijiko. Maji ya boza, kama nilivyomwambia. Nami niliosha kwa maji ya boza, safi kabisa, kwa mikono hii. Mbele ya wageni ufito ukainama kwenye ubeti wa pili.

Akarudia, ukainama. Siku nyingine akafunga mlango wa karakana akapika peke yake, nao ukakatika vipande. Wiki ya pili ikaisha hivyo. Ndipo Meneja akatukusanya wote, akatangaza kwamba mtu huyu hakupika chochote, kwamba bushi tatu zile alizinunua Mombasa akazikwangua alama za kiwanda, akatudanganya. Akataja jina lake lote, la kwanza mpaka la baba yake, akamaliza kwa neno mwongo.

Mpishi hakujitetea. Aligeuka pole pole akatutazama mmoja mmoja, na aliponifikia mimi macho yake hayakukaa usoni. Yalishuka mpaka miguuni.

Kwa nini sikusema? Nimejibu swali hili mara nyingi na kila mara jibu ni jingine. Niliogopa jua, hilo kweli. Lakini pia, hebu nieleweni, sikujua nina nini cha kusema. Niseme niliutia udongo chumvi? Chumvi huharibu udongo, kila mwana wa mfinyanzi anajua. Nitasimama mbele za watu niseme bushi zilikuwa nzuri kwa sababu nilikosea? Sikujua ninaficha dawa au ninaficha uchafu. Na hata sasa sijui ilikuwa chumvi, au mvua, au vyote, au ilikuwa siku tu. Wazee husema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha, na aliyekosa kuzaa akawa mwingine.

Aliondoka asubuhi, karai la mkewe kichwani. Na mimi je? Bila Mpishi hapakuwa na udongo wa kuosha. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa bwawani tena, leso mdomoni. Kivuli nilichokilinda kwa ulimi wangu hakikunifaa hata mwezi.

Miaka ikapita, kama sita au saba. Binti yangu akajifungua Kilifi, nami nikasafiri na beseni jipya la kumwogeshea mtoto. Garini mtu akalikanyaga, likapasuka ubavuni. Nilishuka garini penye feri, kabla ya kuvuka, nimekasirika, namnung'unikia kila mtu, mwanamke mmoja akaniambia, "Mama, usilitupe, pale penye mabati kuna mzee anaziba mabeseni na mitungi. Fundi huyo, halivuji tena."

Nikaenda. Mzee ameinama, anapasha kisu motoni. Kabla hajaangalia uso wangu alichukua beseni, akakwangua chembe kwa ukucha, akailamba.

Nilisimama tu, mpaka akainua macho. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu.

"Mama Kahindi," akasema.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Miguu iko namna gani?"

Jamani! Nilianza kulia pale pale, njia nzima inapita. Akanisogezea kigoda, kama siku ile. Nikamwambia yote, bila kupumzika, boza, bwawa, ndoo. Nikamwambia, "Walikuita mwongo nami nilikuwapo."

"Ulikuwapo. Nilikuona."

"Niliosha kwa maji ya chumvi, Mzee. Mwongo ni mimi."

Akakigeuza kisu motoni. "Chumvi nilijua," akasema. "Siku ile ile. Kidogo sana, hapa kando ya ulimi. Nilingoja wewe useme."

"Ulijua? Na hukumwambia Meneja?"

"Ningemwambia nini? Ningesema, ungerudi juani. Halafu, nilijaribu. Siku nilifunga mlango, nilichota kule kwa bwawa, nikaosha na chumvi. Ikakatika. Nikaona basi si chumvi, ulimi yangu imenidanganya. Miaka yote nimesema ulimi yangu imezeeka."

"Nilirudi juani hata hivyo," nikasema.

"Nilisikia. Hiyo iliniuma."

Alisema hivyo bila hasira, au hasira ilikuwapo akaimeza, sikuweza kujua. Nikajifuta. Nikasema, kama mtu anayemalizia habari ndogo, "Labda ni kwa sababu hukuusuuza kwa maji ya mvua."

Kisu kikasimama.

"Mvua gani?"

Nikamweleza. Mabeseni chini ya bati, kumwaga na kutia, kumwaga na kutia, udongo ukakataa kutua, ukaelea kama tui. Alikuwa ananisikiliza kwa mwili mzima. Mkono wake ukaingia chini ya kigoda chake ukatoka na daftari, lile lile, jalada la buluu limekuwa jeupe. Akafungua ukurasa bila kutafuta. Nikaona mwandiko wake, maji matamu ya boza. Akakata mstari juu yake. Akaandika chumvi. Akaandika mvua. Kisha akainua lile jicho moja zima, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaharakisha.

"Mara ngapi?"

"Nini, Mzee?"

"Umesuuza mara ngapi? Ukizidisha, chumvi yote inaenda. Ukipunguza, inakatika. Mara ngapi?"

"Tatu," nikasema upesi.

Akanitazama. "Ilikuwa tatu, ama unanipatia tatu?"

Alingoja. Feri ilikuwa imefika, watu wanakimbilia, mjukuu wangu yuko ng'ambo hajaogeshwa, na mzee huyu anangoja kama alivyongoja karakana. Nikajiona chini ya bati, mikono imefura, mvua inapiga. Tatu. Nne. Labda tano. Sikuwa nahesabu, nilikuwa naogopa.

"Nakupatia, Mzee," nikasema. "Sikumbuki."

Akatikisa kichwa pole pole. Hakunung'unika, wala hakuandika nambari. Aliacha nafasi wazi kwenye mstari, akafunga daftari, akaliziba beseni langu kwa kisu cha moto, akalijaza maji kulijaribu, akanipa. "Ukikumbuka, niko hapa," akasema. Nilipopita tena kurudi kwetu, penye mabati palikuwa na mtu mwingine, anauza mahindi.

Beseni ninalo. Mtoto amekua ameliacha, mimi nafulia. Kila nikisuuza nguo nasikia midomo yangu ikihesabu, moja, mbili, tatu, na hapo sijui niache au niendelee.